Mkono Wenye Katheta Usilazwe

Katika wodi ya saratani, mgonjwa aliyewekewa katheta mkononi, yaani mrija wa kupitishia dawa, unamtambua kabla hujaiona plasta. Mkono ameubana ubavuni, kiwiko amekikunja, na mkono wa pili umeukumbatia ule wa kwanza kama aliyepakata mtoto mchanga. Akitaka maji, anatumia mkono mzima. Akitaka kujifunika, anaita mtu. Mimi nami nilitoka kwenye chumba cha kuwekewa katheta nikiwa vivyo hivyo, na nadhani ningeendelea hivyo kwa miezi yote ya matibabu kama nesi aliyekuwa zamu jioni ile asingekuja kuketi karibu na kitanda changu.

"Dada, mbona umeubana hivyo?"

"Sista, naogopa mrija utachomoka."

"Umebanwa vizuri, hauchomoki kwa kukunja vidole. Huu mkono bado ni wako. Utumie."

Kisha akanipa mpira mdogo laini unaojaa kwenye kiganja, akanifundisha kuufinya. Ninaandika haya kwa sababu tangu siku hiyo nimekutana na wagonjwa wengi wenye katheta ambao hakuna aliyewaambia neno lolote kuhusu kuusogeza mkono. Waliambiwa wasiuloweshe maji, wasiubebeshe mzigo, wasikubali kupimwa presha upande ule. Makatazo hayo yote ni ya kweli. Lakini mtu akipewa makatazo matupu hufanya lililo rahisi, yaani huulaza mkono kabisa, na kuulaza mkono kuna hatari yake.

Nilikuwa na saratani ya tezi, limfoma, na dawa nilizopangiwa ni kali. Zikipita kwenye mishipa midogo ya mkono huichoma na kuiharibu. Ndiyo maana niliwekewa katheta. Ni mrija laini na mwembamba unaoingizwa kwenye vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, iliyo juu kidogo ya kiwiko, ukasukumwa taratibu kupitia kwapani na chini ya bega, hadi ncha yake ikatua kwenye vena kuu inayoingia moyoni. Huko damu ni nyingi na inakwenda kasi, kwa hiyo dawa inapunguzwa makali papo hapo. Baadaye unapigwa eksirei au unapimwa kwa njia nyingine kuhakikisha ncha imekaa mahali pake. Kwa anayechomwa sindano kila mara mpaka mishipa inajificha, katheta ni nafuu kubwa, na sitaki mtu asome maneno yangu akaikataa kwa woga. Mimi ilinisaidia sana.

Ila mrija huo ni kitu kigeni ndani ya mshipa, na damu haipuuzi kitu kigeni. Nesi alinieleza jioni ile kwa namna ambayo baadaye niligundua kwamba ni elimu ya zamani sana ya udaktari. Mwaka 1856 daktari Mjerumani Rudolf Virchow aliandika juu ya namna madonge ya damu yanavyotokea na kusafiri mwilini, na hadi leo wanafunzi wa udaktari hufundishwa mambo matatu yanayobeba jina lake: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda. Mgonjwa wa saratani mwenye katheta anaweza kuwa nayo yote matatu kwa pamoja. Mrija unachukua nafasi ndani ya vena, hivyo damu inabaki na njia nyembamba na mwendo wake unapungua. Sindano imeutoboa ukuta wa mshipa, na mrija unaendelea kuugusagusa kila siku. Saratani nayo, pamoja na baadhi ya dawa zake, huifanya damu igande kwa urahisi kuliko ya mtu mzima wa afya.

Katika hayo matatu, mgonjwa mwenyewe ana uwezo juu ya moja tu, nalo ni mwendo wa damu. Hapo ndipo mpira unapoingia.

Damu inayoshuka mkononi inasukumwa na moyo. Inayorudi haina msukumo wa kutosha kutoka moyoni. Inategemea sana misuli. Misuli ya kigasha ikikaza inazibana vena zilizo katikati yake na kuisukuma damu juu, na vali ndogo zilizo ndani ya vena zinaizuia isirudi chini. Ukiachia, vena zinajaa tena. Ukikaza, inapanda tena. William Harvey, tabibu Mwingereza, alilionyesha jambo hili la vali katika kitabu chake cha mwaka 1628 kwa michoro ya mkono uliofungwa kamba, vena zimetuna, na kidole kikijaribu kuisukuma damu kurudi nyuma bila mafanikio. Kilichonivutia zaidi kwenye michoro hiyo ni kiganja: kimeshika fimbo. Enzi hizo mtu aliyetolewa damu alipewa fimbo aikaze ili damu itoke vizuri. Na yeyote aliyewahi kuchangia damu anajua kwamba desturi hiyo haikufa, maana bado unaambiwa, "Kunja ngumi, achia, kunja, achia," na mfuko unajaa.

Kwa hiyo zoezi lenyewe si jambo geni hata kidogo. Mimi nilielekezwa kuufinya mpira na kuushikilia kwa sekunde 10, kisha nilegeze kwa sekunde 10, mara 25, asubuhi, mchana na jioni. Wengine hupangiwa tofauti, na wewe fuata ulichopangiwa na waliokuwekea, kwa kuwa wao ndio wanaoijua damu yako na hali ya kidonda chako. Saa za mwanzo, mahali palipotobolewa panapoweza kutoa damu, niliruhusiwa kufungua na kufunga vidole tu bila kukaza. Mpira ulianza baadaye. Kuna siku pia ambazo chembe sahani zangu, zile zinazosaidia damu kuganda, zilishuka sana baada ya dawa, na nesi akaniambia nipunguze nguvu mpaka zipande tena.

Kulegeza ni nusu ya zoezi. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona watu wakifinya harakaharaka, mpira haujapata hata kurudi umbo lake wameshaubana tena, huku wakizungumza. Vena inahitaji muda wa kujaa. Usipoipa muda huo unachosha vidole tu, na damu unayosukuma ni kidogo.

Pamoja na kiganja nilifundishwa kuzungusha kifundo cha mkono, kukunja na kunyoosha kiwiko taratibu, na kuinua bega. Bega linasahaulika sana. Mrija unapita chini yake, na mtu akikaa wiki kadhaa bila kuliinua, misuli inakakamaa, na hapo tena anapata sababu ya pili ya kutolisogeza. Kuchana nywele kwa mkono wenye katheta, kuvaa nguo, kufikia kitu kilicho mezani, kula, kuandika: hayo yote yanaruhusiwa, na ni mazoezi ambayo hayahitaji kukumbushwa. Kutembea nako kunasaidia mwili mzima, maana mgonjwa wa saratani anaweza kupata madonge miguuni hata bila katheta yoyote. Siku za dripu ndefu nilikuwa nasukuma stendi yangu kando ya ukuta, nikienda na kurudi.

Kuna kisa kimoja cha kihistoria nilichokipenda sana nilipokisikia, kwa sababu kiliniondolea hofu kuliko maelezo yoyote. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde nchini Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alijiingizia mrija kwenye vena ya mkono wake wa kushoto, akausukuma sentimita 65, kisha akatembea hadi chumba cha eksirei kuhakikisha kwamba umefika moyoni. Mwaka 1956 alipata Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na André Cournand na Dickinson Richards. Mtu yule alitembea na mrija uliofika ndani ya moyo, na mimi, ambaye wangu umeishia nje ya moyo na umebanwa vizuri na watu wenye ujuzi, nilikuwa naogopa kufunga ngumi.

Sasa, yapo ya kutofanya, na siyapuuzi. Kunyanyua vitu vizito kwa mkono ule hapana. Mizunguko mikubwa ya nguvu inayorudiwarudiwa, kama kutwanga, kusukuma vyuma au kurusha mpira, hapana, kwani mrija unaweza kusogea kutoka mahali pake au kuukwaruza ukuta wa mshipa zaidi. Kuogelea hapana, kwa sababu ya maambukizi. Kufunga kitambaa cha kubana juu ya kiwiko hapana. Ukiona sehemu ya mrija iliyo nje imekuwa ndefu kuliko ilivyokuwa, usiisukume ndani. Acha mkono utulie na uwahi hospitali.

Lakini jambo ambalo limekaa moyoni mwangu kuliko yote si la kwangu. Ni la mzee mmoja tuliyekuwa tukikaa viti vya jirani siku za dripu. Alikuwa na saratani ya kongosho. Alikuwa mtu wa bidii, mpira wake ulikuwa umechakaa kabla ya wangu, na akiona nimeuweka mfukoni ananiambia, "Mwanangu, hebu toa huo mpira, tufanye kazi." Asubuhi moja alikuja na shati ambalo mkono wake wa kulia ulikuwa umejaa. Akasema bega linamuuma, na shingo upande ule, labda amelala vibaya. Nilipomtazama vizuri niliona vena ndogondogo zimejitokeza juu ya kifua karibu na bega, ambazo sikuwahi kuziona.

"Baba, mwonyeshe sista kabla hujaketi."

"Ni uchovu tu, mwanangu."

"Mwonyeshe tu, baba. Akisema uchovu, tutakaa."

Nesi akachukua utepe wa kupimia, akauzungusha mkono juu ya kiwiko, akalinganisha na kipimo kilichoandikwa kwenye faili siku ya kuwekewa katheta. Ulikuwa umenenepa wazi. Altrasaundi ikaonyesha damu iliyoganda kwenye vena karibu na kwapa.

Alichouliza mzee alipotoka kule ndicho kilichonifanya nitake kuandika. Alisema, "Sasa kufinya kote kule kumenisaidia nini?"

Ni swali la haki, na nilifurahi kwamba daktari hakulikwepa. Alimwambia kwamba saratani ya kongosho ni miongoni mwa zile zinazoifanya damu igande kwa urahisi zaidi, na kwamba zoezi linagusa jambo moja kati ya yale matatu. Linaharakisha damu. Haliponyi ukuta wa mshipa uliokwaruzwa wala halibadilishi damu yenyewe. Mtu anaweza kufanya kila alichoelekezwa na bado donge likatokea, na akitokewa na hilo asijilaumu wala asilaumiwe. Akaongeza kwamba ukubwa wa mrija ukilinganisha na vena una uzito wake pia, ndiyo maana waweka katheta wazuri hupima vena kwa altrasaundi kwanza na kuchagua mrija mwembamba kadiri matibabu yanavyoruhusu. Hilo mgonjwa hawezi kulirekebisha kwa mpira.

Nimesoma kuhusu utafiti uliofanywa juu ya zoezi hili, na nitasema nilivyouelewa. Ukipima kwa altrasaundi, mwendo wa damu kwenye vena za mkono unaongezeka mtu anapofinya. Hapo hakuna ubishi. Swali ni kama ongezeko hilo linapunguza kweli idadi ya watu wanaopata madonge. Majaribio yaliyolinganisha wagonjwa waliofanya mazoezi na wasiofanya ni machache, na wengi waliochunguzwa ni wagonjwa wa saratani wenye katheta za mkononi. Matokeo yanaelekea upande wa kusaidia, lakini uhakika wake bado ni mdogo, na waliokusanya majaribio hayo pamoja wanasema hivyo waziwazi. Mimi nililifanya zoezi kila siku na sikupata donge, lakini siwezi kusimama nikasema mpira ndio ulioniokoa. Huenda nisingepata hata nisingefinya. Ninachojua ni kwamba halikunidhuru, halikunigharimu, na liliniwezesha kuutumia mkono wangu miezi yote ile.

Ndiyo maana inaniuma ninaposikia mtu akiambiwa zoezi linatosha. Halichukui nafasi ya kusafisha mrija kwa maji ya chumvi kama ilivyopangwa, wala ya kubadilisha plasta, wala ya dawa za kuzuia damu kuganda kwa wale ambao daktari ameona wanazihitaji. Si kila mwenye katheta anapewa dawa hizo, kwa sababu nazo zinaweza kusababisha kutokwa na damu, na kwa wengi hatari hiyo haistahili kubebwa kwa ajili ya katheta peke yake. Kama unajiuliza kwa nini jirani yako anachomwa sindano za tumboni na wewe huchomwi, muulize daktari. Usijianzishie mwenyewe, hata dawa ya kawaida ya maumivu yenye kuifanya damu iwe nyepesi.

Na zaidi ya yote, zoezi lisikufumbe macho. Madonge mengi ya katheta hujitokeza wiki za mwanzo, na mengine hayana dalili kabisa. Yenye dalili huanza kidogo: nguo inabana upande mmoja, pete haitoki, mkono unakuwa mzito, ngozi inabadilika rangi au inapata joto, bega au shingo inauma bila sababu. Mrija ukikataa kutoa damu au ukawa mgumu kusukumiwa dawa, hiyo nayo ni habari ya kupeleka kwa nesi. Ukihema kwa shida ghafla, ukapata maumivu ya kifua unapovuta pumzi, au ukakohoa damu, hapo usisubiri asubuhi wala usimtafute nesi unayemzoea. Huenda kipande cha donge kimefika kwenye mapafu, na hiyo ni dharura.

Mzee hakuondolewa katheta. Hili linawashangaza wengi, maana fikra ya kwanza ni kwamba mrija umeleta donge basi utolewe. Lakini ulikuwa bado unafanya kazi, ncha ilikuwa mahali pake, na matibabu yake yalikuwa hayajaisha. Alianzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda, akaambiwa ni kwa miezi isiyopungua 3, na zaidi ya hapo ikiwa katheta bado ipo. Siku za kwanza aliambiwa asifinye mpira, auinue mkono juu ya mto. Uvimbe ulipopungua na daktari akaruhusu, aliurudia, taratibu.

Watu wenye katheta za sehemu nyingine wameniuliza kama haya yanawahusu. Sehemu ya maelezo inawahusu. Aliyewekewa kwenye shingo kwa ajili ya kusafishwa damu, figo zikiwa zimeshindwa kazi, mara nyingi anaacha kugeuza shingo na kuinua bega, naye anahitaji kuelekezwa ni miendo gani iliyo salama kwake. Aliyewekewa kwenye kinena yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya damu kuganda mguuni, na kwake kukunja na kunyoosha nyayo kitandani, kadiri anavyoruhusiwa, ndiko kunakofanya kazi ya kiganja changu. Jambo moja nimeona likichanganywa mara nyingi: wagonjwa wa figo waliounganishwa mishipa mkononi nao hupewa mpira wa kufinya, lakini wao wanataka vena ipanuke na kukomaa ili ifae kuchomwa sindano kubwa za mashine ya kusafisha damu. Mpira ni uleule, shabaha ni tofauti, na maelekezo ya mmoja yasibebwe na mwingine.

Katheta yangu ilipotolewa, nesi aliuvuta mrija polepole, akaupima urefu kulinganisha na ulioandikwa siku ya kwanza, akabana kidonda mpaka damu ikakata. Nilidhani habari ya damu kuganda imeishia hapo. Akaniambia hapana: ukuta wa mshipa bado una michubuko, niendelee kuutazama mkono kwa muda, na uvimbe ukitokea nirudi nikataje kwamba nilikuwa na katheta, maana daktari asiyenijua anaweza kutibu msuli. Nilimuuliza kama niendelee na mpira. Akasema hauhitajiki tena, niutumie mkono kwa kazi zangu za kila siku, na mzigo mzito nisubiri kidonda kifunge.